Muulize Mama Vyungu: Tanuri la raku linaloenea kwenye bajaji

Tangu nilipogusia habari ya kutoa chungu motoni kikiwa chekundu, barua zimekuwa za raku tupu. Wanaouliza bei za vyungu vya maua mnivumilie hadi mwezi ujao. Nimechagua sita. Majina nimeyahifadhi kama kawaida.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sanaa huku Kongwa. Wanafunzi ninao 30, tanuri sina. Nataka tuchome raku, ile ya Kijapani ya kutumbukiza chungu kwenye vumbi la mbao, na nataka tanuri la kubebeka: leo kwetu, kesho shule ya jirani, na mwezi wa nane nilipeleke Nanenane pale Nzuguni. Kwenye intaneti kila mtu anasema lake. Wewe la kwako umelitengenezaje?
Mwalimu, Kongwa

Marahaba, Mwalimu. Kabla ya tanuri nikusahihishe jambo moja, maana watoto watakuuliza. Raku asili yake ni Kyoto, karne ya 16. Mfinyanzi aitwaye Chojiro alimfinyangia bwana wa chai Sen no Rikyu mabakuli ya kunywea, kwa mkono bila gurudumu, akiyatoa motoni yakiwa bado yanawaka. Vumbi la mbao halikuwemo. Hilo lilianza na Mmarekani Paul Soldner mwaka 1960 huko California, alipotoa chungu tanurini na kukiviringisha kwenye majani makavu ili kipate moshi. Kwa hiyo ukisema "ya Kijapani" umesema nusu.

Haya, tanuri. Langu ni pipa la lita 200. Wapo wanaosuka kizimba cha wavu wa chuma na kukivika kwa ndani blanketi la seramiki, lile la nyuzi zinazohimili moto. Ni chepesi, mtu mmoja anakinyanyua, na kwa sehemu yenye utulivu ningekushauri hicho. Lakini upepo wetu wa Dodoma wa Julai na Agosti unaujua, ule unaokuletea mchanga hadi kwenye mboga. Utalichambua blanketi nyuzi kwa nyuzi kabla maonyesho hayajafungwa. Pipa lina ngozi ya chuma, upepo unapita kando.

Tafuta lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba petroli au dawa ya shamba liache hapo hapo lilipo, hata ukipewa bure. Mvuke wa petroli hujificha kwenye mikunjo ya pipa kwa muda mrefu, na cheche moja ya grinda inatosha kulilipua. Hata hilo la mafuta ya kula lioshe kwa sabuni, kisha ulijaze maji hadi karibu na mstari wa kukata ndipo fundi aguse. Mwambie akate sentimita 60 kutoka kwenye kitako.

Kwa nini 60? Blanketi linauzwa kwa roli lenye upana wa sentimita 61, urefu wa mita 7.3 hivi na unene wa milimita 25. Pipa likiwa la 60, blanketi linaingia bila kukatwa upana. La kwanza mimi nilikata 70, nikaona napata nafasi zaidi. Zile sentimita kumi nikazijaza viraka, na kila kiraka kikawa mlango wa moto. Rangi ya pipa ilibabuka kwa michirizi iliyofuata viraka vile vile, mpaka leo ukilitazama unaweza kuvihesabu kwa nje.

Sasa geuza pipa, kitako kiwe juu. Hiyo ndiyo kofia yako. Juu katikati toboa tundu la sentimita 12 la kutolea moshi. Chini, kwenye ukingo, kata nusu duara la upana huo huo la kuingizia moto wa gesi, kama mlango wa panya. Wengi hutoboa tundu zima ubavuni, halafu wakinyanyua kofia wanainyanyua na kichomeo chake. Mlango wa panya unakuachia kichomeo pale pale kilipo.

Mikono ya kunyanyulia iwe nondo za milimita 12, zitokeze sentimita 40 kila upande, kwa sababu mtakapoinyanyua wawili ndani kutakuwa na nyuzi joto 1000 na uso wako hautaki kuwa karibu. Ila zisichomelewe moja kwa moja. Fundi achomelee vipande vya bomba, nondo ziingie na kutoka, na kila moja iwe na pini ya kuizuia isichomoke mkiwa mmebeba. Hili nililijua baada ya kubishana na dereva wa bajaji pale Sabasaba: kofia imeketi kiti cha abiria, mkono mmoja wa chuma umetoka nje kama mtu anayesimamisha daladala. Alikuwa na haki, ingawa siku ile sikumwambia.

Na vipande hivyo vya bomba visiwe vya maji, vile vinavyong'aa kwa zinki. Mwalimu, hapa nipe dakika. Miaka ya nyuma niliona tanuri langu halivuti vizuri, nikasimamisha juu ya tundu la moshi kipande cha bomba la bati cha nusu mita. Kikavuta kweli. Kilipokuwa chekundu kikaanza kutoa moshi mweupe laini, mzuri kuutazama, nami nimeinama pale nachungulia glezi, ule mpako unaoyeyuka kuwa kama kioo juu ya chungu. Saa mbili usiku meno yananigongana, baridi imeingia hadi kwenye mifupa, mdomoni ladha ya shilingi. Nyumbani wakasema malaria. Zahanati wakapima, malaria hakuna, wakapima tena. Kesho yake mchana nikaamka mzima kama sijaumwa. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na raku tunapita hapo kila siku. Mvuke wake ukiuvuta unakupa homa ya namna hiyo. Chuma chochote chenye mng'ao wa bati kisikaribie moto wa tanuri.

Blanketi lenyewe usilitafute soko la Majengo. Agiza Dar kwa wauza vifaa vya viwandani, sema unataka la seramiki la nyuzi joto 1260, uzito wa kilo 128 kwa mita ya ujazo. Roli zima ni kilo 14 hivi. Tabaka la kwanza kuzunguka pipa linakula mita 1.8, la pili kama mita 1.65, na duara mbili za chini ya kitako mita 1.2. Inakubakia mita mbili na nusu za viraka vya miaka ijayo. Tabaka moja nalo linachoma, ila gesi utanunua wewe.

Siku ya kulikata vaa barakoa ya N95 na shati la mikono mirefu, lowesha sakafu, na usifagie kavu. Nyuzi zake ni ndogo kuliko unavyoziona na zikishaingia mapafuni hazina haraka ya kutoka. Baada ya michomo mingi linakuwa kavu na vumbi lake baya zaidi. Siku hiyo wanafunzi wakae nyumbani.

Kulishikiza unahitaji vifungo. Finyanga wewe mwenyewe, kwa udongo wenye chenga za vigae, vipana kidogo kuliko kizibo cha soda, matundu mawili kama kifungo cha koti, uvichome. Nane vya ubavuni, vitano vya juu. Waya wa kufungia nondo usiutumie! Unaungua na kukatika, na blanketi la juu likaja kulala juu ya vyungu vyenye glezi mbichi. Utalibandua kwa patasi. Nenda kwa fundi wa vyombo vya umeme umuulize koili za majiko yaliyokufa. Ule ni waya wa nikromu, umezaliwa kukaa mwekundu. Unyooshe, upitishe kwenye kifungo, kwenye blanketi, kwenye matundu mawili ya pipa, kisha usokote kwa nje na plaizi. Usivute sana, blanketi lisibonyee.

Sakafu haina makuu. Sawazisha mchanga, panga tofali za kuchoma, juu yake tofali nyepesi za tanuri kama unazo. Kama huna, za kuchoma pekee zitapasuka baada ya muda nawe utabadilisha. Simamisha vipande vitatu vya tofali vya sentimita 12, juu weka kigae kipana cha duara cha sentimita 33. Baada ya matabaka mawili ndani mnabaki na kipenyo cha kama 47, kwa hiyo moto una njia ya kupanda pande zote. Kichomeo kikae nje ya mlango wa panya kwa vidole vitatu, kielekee pembeni na si katikati, moto uzunguke. Ukiuelekeza kwenye chungu, upande huo utaiva na mwingine utakuwa unalala.

Gesi: regileta ya jikoni haitoshi, ile imetengenezewa chai. Nunua ya presha kubwa inayofunguka kidogo kidogo, pamoja na mpira wake. Mimi naanza chini kabisa na mara chache napita nusu ya baa, kile kipimo cha presha. Mtungi ukae mita tatu, upande upepo unakotokea. Kila kiungo kipake povu la sabuni kabla ya kuwasha, hata kama jana ulipaka. Halafu ujue hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa kama asilimia 12. Kichomeo kilichopangwa Dar, hapa kitatoa moto wa njano uliolegea na masizi. Fungua tundu lake la hewa hadi moto uwe wa bluu na uungurume.

Upepo ukiuzima, na utauzima, funga gesi na usikimbilie kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kwenye sakafu ya tanuri kama maji kwenye beseni. Nyanyueni kofia, subirini dakika tano, ndipo muwashe. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha hakusubiri. Kofia iliruka kama kifuniko cha sufuria, na nyusi zake zilichukua mwezi kurudi. Siku hizi naegemeza mabati mawili upande wa upepo, mbali na moto.

Mchomo wa kwanza wa siku ni kama saa moja, maana tanuri bado la baridi. Inayofuata ni nusu saa au chini. Vyungu viwe vimeshachomwa mara ya kwanza na vikavu kabisa. Chungulia kwenye tundu la juu kwa mbali, na miwani. Glezi kwanza inakuwa kavu kama chokaa, kisha inatoa mapovu kama uji wa ulezi unaoanza kuchemka. Hapo wengi huzima. Ngoja. Mapovu yatatulia, uso utakuwa kama maji, utaona taswira ya mwali ikicheza juu yake. Funga gesi, nyanyueni kofia wima, muiweke kwenye tofali mlizoandaa na si kwenye majani.

Kutoka hapo ni sekunde. Koleo ndefu, glavu za kuchomelea, nguo za pamba, viatu vilivyofunika mguu. Chungu kinaingia kwenye debe la chuma lenye vumbi la mbao, mwali unapanda, unatupia konzi nyingine, unafunika, unaziba ukingo kwa mchanga mbichi. Sehemu isiyo na glezi inakuwa nyeusi tii. Glezi nyeupe inapata nyufa za mstari mwembamba mweusi. Yenye shaba inageuka rangi ya senti mpya. Kongwa una bahati ya maganda ya karanga. Yanawaka haraka na kufanya moshi mzito, nayapenda kuliko vumbi la mbao. Pumba za mpunga za Bahi zinaacha chenga. Vumbi la nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa usiliguse, moshi wake una sumu.

Nzuguni fyeka majani, ndoo nne za maji na mbili za mchanga ziwe tayari, na kamba ya kuzuia watu iwe mita tano. Watu wetu wakiona moto wanasogea na watoto mabegani.

Mtungi wangu wa kilo 15 unashika barafu katikati ya kuchoma na moto unalegea, wakati gesi bado imo. Jirani ameniambia niweke mkaa kidogo chini yake.
Mfinyanzi, Mpwapwa

Jirani yako asiukaribie mtungi wako tena. Gesi ndani ya mtungi iko katika hali ya maji. Ikigeuka mvuke inanyonya joto la mtungi, na kichomeo kikubwa kinainyonya haraka kuliko hewa inavyoweza kulirudisha joto hilo. Usimamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, si moto zaidi ya hapo. Dawa ya kudumu ni mtungi wa kilo 38.

Mambo vipi Mama. Mimi ni kijana, niko Chang'ombe. Blanketi siliwezi, gesi siiwezi. Nina pipa, mkaa na kiu ya kujaribu. Je, ndiyo basi?
Mwenye kiu

Poa, mwanangu. Siyo basi hata kidogo. Yale mabakuli meusi ya Kyoto yanachomwa kwa mkaa na mivukuto, kwa hiyo usijione umekuja kwa mlango wa nyuma.

Fyatua tofali za udongo na vumbi la mbao, ujazo kwa ujazo, zikauke vizuri uzichome. Vumbi linaungua na kuacha vishimo, na hewa iliyomo ndiyo blanketi lako. Zipange ndani ya pipa kwa kuzunguka, ubaki na nafasi ya kama sentimita 40. Chini toboa tundu, ingiza bomba la chuma la mita moja, na mwisho wa bomba funga drayari ya saluni iliyochoka. Weka kwenye baridi, isiunguze koili yake bure. Usifupishe bomba, la sivyo utakuwa na drayari iliyoyeyuka na dada mwenye deni lake.

Usiweke chungu chenye glezi katikati ya mkaa. Majivu yataganda juu yake na utapata kitu kama mgongo wa kenge. Finyanga kwanza chungu mama: kikubwa, kuta za unene wa kidole, robo nzima ya udongo wake iwe vigae vilivyotwangwa, na kiwe na kifuniko chenye tundu la kuchungulia. Hicho ndicho kinachokaa kwenye makaa, na chungu chako kinakaa tumboni mwake. Mama huyo atapata ufa siku moja. Tengeneza wawili.

Chomea uwanjani tu. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kila msimu wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko ndani. Na kulibeba sahau. Hilo ni la kukaa, wateja watakufuata.

Nimenunua bakuli za raku nzuri sana, za shaba. Wajukuu wanataka kunywea uji. Naogopa kuziharibu tu, au kuna jingine?
Bibi wa watoto watatu, Ipagala

Lipo jingine, dada yangu. Ndani ya raku udongo haujakaza, unanyonya, na zile nyufa unazozipenda ni njia za uji kuingia na kuchachia humo. Glezi ya shaba nayo huachia shaba ikikutana na kitu kichachu, na uji wetu tunautia ndimu au ukwaju. Weka funguo, weka karanga zenye maganda yake. Usiziweke jikoni, na hata maji ya maua zitayavujisha kwenye kitambaa. Zikae mbali na jua la dirishani na unyevu ili ule wekundu udumu, maana huwa unarudi kijani taratibu.

Mama, nimechimba udongo mweusi wa mbuga hapa Bahi, unanata vizuri ajabu. Nimefinyanga vyungu saba. Sita vimepata nyufa vikikauka. Cha saba nilikichoma, kikalipuka kwa kishindo hadi kuku wakakimbia. Nimekosea wapi?
Mkulima wa mpunga

Umekosea mara mbili, na mara zote mbili umedanganywa na huo utamu wa kunata.

Udongo wa mbuga unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Angalia jaruba lako mwezi wa kumi: mguu unaingia kwenye ufa. Chungu chako kimefanya vile vile kwa udogo wake. Pima hivi. Tengeneza kipande bapa kama rula, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kikauke kivulini, upime tena. Ukipata tisa, umepoteza asilimia kumi nzima, na mimi udongo huo siuchomi peke yake. Changanya na wa kichuguu, nusu kwa nusu kuanzia, halafu ongeza vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa: katika kila vikopo vinne, kimoja kiwe vigae. Vigae vimeshasinyaa tangu zamani, havisinyai tena, na vinampa mvuke njia ya kutokea. Kwa raku, usipotia vigae usianze. Chungu kinachotoka kwenye nyuzi 1000 kuingia kwenye upepo wa Bahi kinahitaji mwili wenye matundu.

Kile cha saba ni maji. Uso ulikuwa mkavu, moyo mbichi. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka mara 1,700 hivi, na ndani ya ukuta wa chungu hayana pa kwenda. Kiguse shavuni kabla ya kuchoma: ukisikia baridi, maji yamo. Mimi nakiweka kando ya jiko usiku kucha hata kama nimekihakikisha, na saa mbili za kwanza za uchomaji wa kwanza moto uwe wa kuotea mikono tu.

Pole kwa kuku.

Mbukwa, binti yangu. Nasoma safu yako kila mwezi kwa sababu mke wangu marehemu alifinyanga. Lakini siku hizi ni Kyoto, California, blanketi la Dar. Wagogo hatukuwa na vyungu? Mbona watoto mnawafundisha vya watu?
Mzee, Mvumi

Mbukwa, baba, na shikamoo juu yake. Pole ya marehemu.

Mimi pia ni wa Mvumi, upande wa bibi. Alichomea nyuma ya nyumba, mwezi wa tisa, kuni chini, vyungu katikati, mavi makavu ya ng'ombe juu, asubuhi kabla upepo haujaamka. Nikiwa na miaka saba au minane kazi yangu ilikuwa kushika ungo wa pumba za mtama. Alikuwa akichomoa chungu kikiwa chekundu, kwa mti mrefu aliouingiza mdomoni mwake, anakilaza kwenye shimo, ananiita kwa jina, nami namwaga. Pumba zinawaka zote kwa pamoja, anafunika kwa chungu kikuukuu kilichotoboka na kusukuma udongo kuzunguka ukingo kwa kisigino. Kikitoka ni cheusi, kinang'aa kama ngozi ya mbegu ya mbuyu ukishainyonya. Sikujua kwamba kuna mahali kitendo hicho kina jina. Nilipoona picha za yule Mmarekani na koleo zake, nilichotazama kwanza ni kisigino chake.

Kwa hiyo watoto wa Kongwa nitawaambia yote mawili, na la bibi litatangulia. Ila nimekwama mahali. Akishatoa chungu kwenye pumba, kikiwa bado kinachoma, alikinyunyizia maji ya magome yaliyolala usiku kwenye kibuyu, mekundu kama chai kavu, kikawa hakivuji. Mti wake sikumuuliza. Kama marehemu mkeo alitumia magome hayo na wewe ndiye uliyekuwa ukimkatia, niandikie jina la mti huo, kwa Kigogo tu inatosha.